Hasira za Fundi Vioo

Karakana yetu ni chumba kimoja kirefu chenye milango miwili. Mlango wa mbele ni wa wateja. Mlango wa nyuma unatokea uani, tunakotupa vipande. Katikati kuna meza kubwa iliyotandikwa blanketi zito. Juu ya blanketi hilo kaka yangu anakata vioo. Mimi nakaa pembeni, karibu na dirisha. Kazi yangu ni kusugua kingo za vioo kwa jiwe na maji, ili zisimkate mtu. Tumefanya kazi hivyo kwa miaka kumi na moja.

Kaka yangu ni fundi kweli kweli. Simsifu kwa sababu ni ndugu yangu. Kasoro zake nazijua mimi kuliko mtu yeyote. Lakini mpe kioo umwone. Anachovya kikatio kwenye mafuta ya taa. Anaweka rula. Anapitisha mkono mara moja tu, harudii. Kisha anagonga kidogo kwa chini, na kioo kinaachana, kimenyooka kabisa. Miaka yote hiyo, bado nikiona jambo hilo nashangaa.

Katika karakana yetu kuna sheria moja. Fundi anayekata hasemeshwi. Mteja akiingia, naweka kidole mdomoni, naye anasubiri. Sauti ya ghafla inashtua mkono. Mkono ukishtuka, kioo kinapasuka. Kaka ana kovu kwenye kidole gumba. Nililisababisha mimi, mwaka wa kwanza, nilipomwita aje anywe chai. Tangu siku hiyo naishika sheria hiyo kuliko yeye mwenyewe.

Ilikuwa sheria nzuri. Shida ilianza tulipoibeba na kwenda nayo nyumbani.

Tunaishi nyumba moja: kaka, mke wake, binti yao, na mimi. Wifi yangu anapiga pasi kwa dobi. Jioni anarudi miguu imevimba, lakini mdomo wake hauchoki. Binti yao ana miaka kumi na mitatu. Sisi tunamwita Wakili, kwa sababu hakuna neno utakalomwambia asilipinge. Mwambie jua ni kali, atakuuliza umelipima na nini. Zamani mezani kwetu palikuwa na kelele kama sokoni. Baba na binti wanabishana kuhusu mpira, mimi na wifi tunacheka, chakula kinapoa.

Mwaka jana kaka alianza kubadilika. Siwezi kutaja siku. Mambo haya hayapigi hodi. Kwanza aliacha kusikiliza mpira redioni. Tukasema labda timu yake imemchosha. Halafu akaacha kumaliza chakula. Tukasema ni joto. Halafu zikaja hasira, na hasira zina kelele. Zilipokuja hizo, yale mengine yote tukayasahau.

Alikasirika kwa sababu mlango umelia. Alikasirika kwa sababu sabuni imewekwa upande wa kushoto. Ukipumua kosa, ukinyamaza kosa. Mteja mmoja aliuliza kwa adabu kabisa, "Fundi, kitakuwa tayari lini?" Kaka akamjibu, "Kama una haraka, kikate mwenyewe!" Mteja akachukua fremu yake akaenda zake. Vioo navyo vikaanza kupasuka. Zamani alipasua kimoja kwa mwezi. Sasa vilikuwa vitatu kwa wiki, na kila kikipasuka alijitukana kwa sauti ya chini, maneno ambayo siwezi kuyaandika.

"Hasira hasara," majirani walimwambia. Kila mtu alikuwa na methali ya kumpa. Hakuna aliyevuta kiti akakaa naye, na mimi nilikuwa miongoni mwao.

Jioni moja kaka aliingia nyumbani uso umekunjamana. Wakili alikuwa amefungua mdomo kusimulia jambo la shuleni. Wifi akamwekea kidole mdomoni.

"Shh," akanong'ona. "Baba anakata."

Tulicheka chini chini, sote watatu. Ulikuwa mzaha mzuri, sikatai. Lakini kesho yake tuliutumia tena, na kesho kutwa. Baada ya mwezi mmoja haukuwa mzaha, ulikuwa sheria ya nyumba. Kaka akiingia, sote tunanyamaza. Tunakula tukitazama sahani. Akitoka, ndipo tunapumua. Hata Wakili alikuwa anameza chakula chake kwa dakika tano, kisha anakwenda kujifungia chumbani.

Sisi tuliita hiyo heshima. Nilijisifu mimi kuliko wote. "Wifi, tumeipata dawa yake," nilisema. Tulimpa kaka dawa hiyo kwa miezi sita.

Sasa sikiliza jambo lililotokea Alhamisi moja asubuhi.

Aliingia mwanamke mfupi mwenye miwani. Mkononi alikuwa na karatasi yenye vipimo. Alikuwa muuguzi wa kituo cha afya cha barabara ya pili, na dirisha la chumba chake lilikuwa limepasuka kioo. Hakuijua sheria yetu. Mimi nilikuwa nimeinama na jiwe langu, nikachelewa kumwona.

"Habari za kazi?" akasema.

Mkono wa kaka ukaruka. Kioo kikapasuka mpaka pembeni.

"Huoni mtu anafanya kazi?" kaka alifoka. "Hayo macho manne ni ya nini?"

Akatupa kikatio mezani, akatoka uani, akaubamiza mlango. Niliona haya mpaka masikio yakawa moto. Nikamkimbilia mgeni.

"Nisamehe, sista. Ndivyo alivyo siku hizi."

Nilitegemea aseme kaka yangu hana adabu. Nilitegemea aondoke na karatasi yake. Yeye alikuwa anautazama ule mlango wa nyuma, na wala hakuonekana kukasirika.

"Analala?" akauliza.

"Nani?"

"Fundi. Usingizi anapata?"

Mtu ametukanwa, naye anauliza habari za usingizi wa aliyemtukana! Na kilichonishangaza zaidi ni kwamba jibu nilikuwa nalo. Chumba changu kinapakana na chao. Kila siku namsikia kaka akiamka kabla ya jogoo na kukaa tu.

"Halali vizuri," nikasema.

"Kula je?"

"Anadonoa donoa."

"Na yale aliyokuwa anayapenda, bado anayapenda?"

Nikaikumbuka redio. Ilikuwa kwenye rafu palepale, imejaa vumbi. Nikatikisa kichwa.

"Tangu lini?"

"Miezi saba. Minane."

Sista akavua miwani, akaifuta kwa kona ya gauni. "Inawezekana kaka yako anaumwa," akasema. "Kuna ugonjwa unaitwa sonona. Wengine wanauita unyogovu. Unakaa katika hisia za mtu, lakini unaushika mwili mzima."

Nikacheka. Naona aibu kusema, lakini nilicheka. "Sista, umemsikia mwenyewe. Sonona si ya mtu anayelia? Huyu halii. Huyu anawaliza wenzake."

"Wengi wanasema hivyo," akajibu, naye akatabasamu. "Huzuni ikilia tunaitambua. Ikifoka hatuitambui. Lakini siwezi kumpima mtu kwa kumsikia mara moja. Mlete kituoni, niko kuanzia Jumatatu. Na kioo changu nakihitaji vilevile!"

Nikasema sawa. Kisha sikumwambia mtu yeyote. Niliogopa kaka atanifokea, na pia niliona haya. Nani anataka kusema nyumbani kwao kuna mgonjwa wa namna hiyo?

Siku mbili baadaye, Jumamosi mchana, tulikuwa mezani. Tulikuwa kimya kama kawaida yetu. Kaka alikuwa ameshika kijiko tu, hali. Wakili akamtazama baba yake kwa muda mrefu. Sijui siku hiyo alipata wapi ujasiri.

"Baba," akasema taratibu, "chakula kinapoa."

Kaka aliruka kama mtu aliyemwagiwa maji ya moto. Sahani ikaanguka na kuvunjika. Akasimama, na mkono wake ukapanda juu, umefunguka, juu ya kichwa cha mtoto.

Mkono haukushuka. Ulibaki hewani. Kaka akautazama kana kwamba ni wa mtu mwingine. Wakili hakulia wala hakukimbia. Alifumba macho tu, akasubiri. Hilo ndilo lililotuvunja moyo. Mtoto alikuwa amesubiri.

Kaka akashusha mkono, akatoka nje bila viatu.

Wifi alikusanya vipande vya sahani. Kisha akanawa mikono, akaenda chumbani, akaanza kukunja nguo. Nikamfuata.

"Kesho mimi na mwanangu tunakwenda kwa kaka yangu," akasema. "Kelele nilizivumilia. Mkono sitausubiri ushuke."

"Wifi, ngoja kidogo..."

"Ngoja ya nini? Nipe sababu moja."

Sikuwa nayo. Kweli, labda nilikuwa nayo, lakini nilikuwa nimeifungia moyoni tangu Alhamisi. Nikatoka kumtafuta kaka.

Nilimkuta karakanani. Alikuwa amekaa mezani, kioo kizima mbele yake, kikatio mkononi. Kwa sheria yetu nilitakiwa kusimama mlangoni na kusubiri. Nilisimama. Kisha nikavunja sheria niliyoishika miaka kumi.

"Kaka," nikasema, "unalala?"

Nilijikaza kusubiri kufokewa. Hakufoka. Aliweka kikatio chini, taratibu sana. Akageuka. Sijawahi kuuona uso ule, na nimeuona uso wa kaka yangu tangu nizaliwe.

"Tangu lini," akasema, "mtu wa nyumba yetu ameniuliza kitu?"

Kisha akalia. Mwanaume mwenye miaka arobaini na minne, aliyewabebea watu makabati ya vioo mgongoni mpaka ghorofa ya tatu, alilia akiwa ameshika blanketi la meza. Mimi nilivuta kiti, nikakaa.

"Nikiingia, mnanyamaza," akasema. "Nikitoka, nawasikia mnaanza kuongea. Nikajua mmenichoka. Nami nimejichoka. Asubuhi naamka nimechoka kuliko nilivyolala. Kila kitu ni kizito. Halafu mtu anasema neno dogo tu, na ndani yangu kinawaka kitu. Nikimaliza kufoka, najichukia. Nikijichukia, nafoka tena. Leo nimetaka kumpiga mwanangu kwa sababu ameniambia chakula kinapoa. Mimi ni mtu gani?"

Sisi tulidhani tunamwepusha na kelele. Yeye aliona nyumba nzima imemfungia mlango. Wahenga walisema kimya kingi kina mshindo mkuu. Mshindo huo niliusikia siku hiyo. Miezi minane nimekaa hatua tatu kutoka kwa mtu anayezama, nikasugua kingo za vioo na kujipongeza kwa adabu yangu.

"Wewe ni mgonjwa, kaka," nikasema. "Yuko mtu anayejua. Ni yule wa miwani uliyemtukana."

Wifi hakubadilisha nia. Jumapili aliondoka na Wakili. Lakini nilipomweleza maneno ya sista, alisema, "Kuja kusikiliza nitakuja. Kurudi ni jambo jingine."

Jumatatu saa tatu tulikuwa kituoni, sisi watatu. Dirisha la sista lilikuwa limezibwa kwa kadibodi. Kaka akaliona, akainamisha kichwa.

"Sista, juzi nilikukosea."

"Nimekusamehe. Kioo kiko wapi?"

Kaka akatoa pumzi iliyokaribia kuwa kicheko. Sista akatukaribisha viti, akachukua karatasi moja ya kawaida. Ilikuwa na maswali tisa. Yalikuwa mafupi, mtoto wa darasa la nne angeweza kuyasoma.

"Fikiria wiki mbili zilizopita," akasema. "Je, umekosa hamu ya mambo unayoyapenda? Hapana kabisa, siku chache, siku nyingi, au karibu kila siku?"

"Karibu kila siku."

"Umejiona huna thamani, au umewaangusha watu wako?"

"Kila siku."

Aliendelea hivyo. Usingizi. Nguvu. Chakula. Utulivu wa akili kazini. Kila swali lilifungua kitu nilichokuwa nimekiona kwa macho yangu na kukiita jina jingine. Uvivu. Kiburi. Roho mbaya. Kumbe vyote vilikuwa vitu vya mgonjwa mmoja. Nilitazama kile kikaratasi, nikashangaa kwamba kitu chepesi namna ile kinaweza kumfikia mtu mahali ambapo sisi, damu yake, hatukufika.

Swali la tisa sista aliliuliza kwa sauti ileile, bila kunong'ona.

"Je, umewahi kufikiri ni afadhali ufe?"

Wifi akashika ukingo wa kiti chake.

"Nimewahi kufikiri wangeishi vizuri zaidi bila mimi," akasema. "Kufanya jambo, hapana. Kufikiri, ndiyo."

"Asante kwa kuniambia," sista akasema. "Kuuliza swali hili hakumpi mtu wazo baya. Mara nyingi kunampa nafuu, kwa sababu hayuko nalo peke yake tena. Likirudi, utamwambia nani siku hiyohiyo?"

Kaka akanitazama. "Dada yangu."

"Na mimi," wifi akasema. Ilikuwa mara ya kwanza kufungua mdomo tangu tuingie. "Hata nikiwa kwa kaka yangu. Nipigie simu."

Sista akaweka kalamu chini, akatueleza. Nayaandika maneno yake kama nilivyoyashika, maana nataka na wewe uyashike.

"Watafiti wa nchi mbalimbali wamekaa na wagonjwa wa sonona," alisema. "Hawakuwauliza kuhusu huzuni tu. Waliwauliza kuhusu hasira pia. Wengi walisema hasira zao zimeongezeka. Wanawaka kwa mambo madogo, kisha wanajuta. Tena wengi wana hasira za aina mbili. Moja inatoka nje, inawapiga wengine kwa maneno. Nyingine inaingia ndani, inampiga mwenyewe."

"Anajitukana," nikadakia. "Kioo kikipasuka, anajitukana."

"Ndiyo hiyo. Na hivi viwili vinalishana. Mtu akifoka, watu wanamkimbia. Wakimkimbia, anabaki peke yake. Akibaki peke yake, sonona inakua. Sonona ikikua, anafoka zaidi."

"Sasa kipi kinaanza?" wifi akauliza. "Hasira au sonona?"

"Watafiti wenyewe bado wanabishana. Kwa mmoja inaanza hii, kwa mwingine ile. Lakini wameona jambo la kutia moyo. Sonona ikitibiwa, kwa wagonjwa wengi hasira nazo zinapungua."

"Na imetoka wapi? Hatukufiwa. Hatukugombana."

"Wakati mwingine iko sababu. Wakati mwingine hakuna moja ya kuinyooshea kidole. Si laana, si udhaifu. Lakini sikilizeni vizuri. Si kila mwenye hasira ana sonona. Na si kila mwenye sonona ana hasira. Wengi wao ni wapole kabisa na hawamdhuru mtu. Ndiyo maana tunapima, hatubahatishi."

Wifi akajikohoza. "Sista, niambie ukweli. Mkono ule ungeshuka, ungeniambia nivumilie kwa sababu ni ugonjwa?"

"La," sista akajibu hapohapo. "Ugonjwa unaeleza jambo, hauliruhusu. Kupigwa ni kupigwa. Usalama wako na wa mtoto ndio kwanza. Kama umeondoka kwa muda, hujakosea."

Nilimtazama kaka. Nilidhani atakasirika. Alikuwa anaitikia kwa kichwa.

Nami ikanibidi niseme letu. Nikaeleza habari ya "Baba anakata." Sista alisikiliza mpaka mwisho.

"Karakanani nyamazeni," akasema. "Nyumbani semeni. Wewe fundi, ukihisi hasira inapanda, usiingoje ifike kichwani. Sema 'nimejaa', toka, tembea, rudi kabla ya nusu saa. Nanyi, akirudi, msimpokee kwa ukimya. Mwulizeni jambo moja la kawaida."

Siku ileile daktari wa kituo alimpima mwili na damu, maana yapo maradhi mengine yanayofanana na sonona. Alimwuliza pia kama anakunywa pombe. Kisha akathibitisha, akampa vidonge. "Vinachukua wiki kadhaa kufanya kazi," alisema. "Usiviache kwa sababu huoni kitu. Na ukipona, usiviache bila kuniambia." Kila Jumatatu kaka angerudi kuzungumza na sista kwa muda wa saa nzima.

Msidhani mambo yalinyooka kesho yake. Wiki ya kwanza kaka alisema vidonge vinamkausha mdomo. Wiki ya pili alisema ni upuuzi. Wiki ya tatu alifoka kwa sababu ya kamba ya kiatu, na mimi nikafoka pia, maana dawa sinywi mimi! Kisha akasema, "Nimejaa," akatoka. Aliporudi nikamwuliza kama mvua itanyesha. Akaniangalia. Mbinguni hapakuwa na wingu hata moja. Tukaanza kucheka, vibaya vibaya, kama watu waliosahau jinsi ya kucheka.

Wiki ya tano alimaliza sahani. Wiki ya sita alikata vioo kumi na viwili, havikupasuka hata kimoja, na cha sista kilikuwa kimojawapo. Asubuhi moja nikachelewa kuamka kwa sababu sikusikia mtu akiamka upande wa pili. Nikaweka sikio ukutani. Kaka alikuwa anakoroma. Watu wanakwenda mbali kutazama maajabu. Mimi nilisimama pale na kanga yangu, nikasikiliza mtu akikoroma, machozi yakinitoka.

Lakini nyumba ilikuwa bado nusu. Wifi alipiga simu kila siku, akazungumza na kaka. Wakili hakutaka kushika simu.

"Sijui kama atanirudia," kaka aliniambia. "Mke wangu ananielewa. Mtoto nilimwonyesha mkono. Mtoto anaelewa nini?"

"Kamwulize mwenyewe," nikasema.

Jumamosi ya wiki ya saba tulikwenda. Wifi alituketisha sebuleni kwa kaka yake. Wakili akaitwa. Alikaa mbali, karibu na mlango, mikono katikati ya magoti. Kaka alihama kwenye kochi, akakaa kwenye kigoda, chini kuliko mtoto.

"Mwanangu," akasema, "nimekuja kukuomba radhi."

Sikuwahi kumsikia mzazi wa ukoo wetu akimwambia mtoto maneno hayo. Baba yetu asingeweza, na babu hata kidogo.

"Naumwa, na natibiwa," kaka akaendelea. "Lakini sikuja kukueleza ugonjwa. Nimekuja kukusikiliza. Kama una neno, sema."

Wakili akamtazama mama yake. Wifi akaitikia kwa kichwa.

"Nina mengi," Wakili akasema.

"Sema yote."

Akaanza. Sauti ilikuwa ndogo mwanzoni. Alisema habari ya siku aliyofokewa kwa sababu ya bomba. Siku aliyoleta daftari lenye alama nzuri, na baba hakuinua uso. Siku aliyosikia anaitwa mzigo. Alitaja siku baada ya siku, kwa mpangilio, hakusahau hata moja, na sauti ikawa inapanda. Mara moja kaka alifungua mdomo ajitetee. Akaufunga. Machozi yalimtiririka, hakuyafuta. Aliniogopesha kwa jinsi alivyotulia, mtu yule aliyekuwa akiwaka kwa ajili ya sabuni.

Mwisho Wakili akafika kwenye ile Jumamosi.

"Ulitaka kunipiga?" akauliza.

Nilimwomba Mungu kaka aseme hapana. Ni neno dogo, na lingetutosha sote.

"Ndiyo," kaka akasema. "Nilitaka. Kisha nikajiogopa."

Wakili akamwangalia kwa muda mrefu.

"Basi," akasema. "Ungesema hapana, nisingerudi. Mkono niliuona."

"Utarudi?"

"Si leo. Kesho."

"Kwa nini kesho?"

"Kwa sababu leo umeamua wewe kuja. Kesho nitaamua mimi."

Wifi alificha uso kwenye kiganja. Mabega yake yalikuwa yanatikisika, na sikujua kama analia au anacheka. Nadhani vyote.

Kesho yake kaka alikwenda kuwachukua. Mimi nilibaki napika. Saa sita niliwasikia kabla sijawaona, wako mwanzo wa barabara. Wakili alikuwa anasema golikipa yule alistahili kufukuzwa. Baba yake anasema mtoto hajui mpira. Wifi anawaambia wapunguze sauti, watu wanawatazama. Walikuwa wanapiga kelele mpaka majirani wakafungua madirisha. Niliacha mwiko ndani ya sufuria, nikatoka mlangoni nipate kuwasikia vizuri, na chakula kikaungua.